Shangazi, mama niliyempiga picha soko likiungua sasa kawa stika ya WhatsApp

Shikamoo Shangazi.

Mi ni kijana wa miaka 26 niko Kanda ya Ziwa, jina naomba ulifiche. Napiga picha za habari kwa kujitegemea huu mwaka wa nne, harusi na sendofu ndo zinanilipia kodi ila roho yangu iko kwenye habari.

Kuna usiku soko letu liliungua. Nilipigiwa simu kwenye saa tano hivi nikachukua boda, nafika moto uko juu kabisa, watu wanarusha mabelo ya mitumba nje, wengine wanalia wengine wanaiba, faya wamekuja lakini mpira hauna maji wanahangaika kutafuta pa kuvutia. Nikapiga kama picha 140. Katika hizo kuna moja ya mama mmoja kakaa chini mbele ya meza yake iliyoungua, kabaki na gagulo na sidiria maana khanga aliivua akawa anapigia moto, na ile khanga iko mapajani imeungua upande mmoja na maandishi yanasomeka vizuri kabisa, MUNGU HAMTUPI MJA WAKE.

Shangazi ile picha sikuiba. Niliinama, akaniona na kamera, akasema piga mwanangu, piga wote waone. Nikapiga. Nikakaa nae kama dakika tano akanisimulia kwamba mzigo wote ni wa mkopo, nusu VICOBA nusu ni hawa wakopeshaji wa riba kubwa, kausha damu, akasema hata baba watoto hajui. Nikamuuliza jina akanitajia. Usiku uleule nikatuma picha nane kwa mhariri wa gazeti moja ninalowauzia, na ya mama nikaandika jina lake na kwamba amepoteza mtaji wote aliokopa kwenye vikundi.

Kesho yake ikatoka ukurasa wa mbele na kwenye mitandao yao. Siku ya kwanza komenti zilikuwa za huruma tu, wengine wanauliza namba ya mama wamchangie. Siku ya pili vijana wakaikata wakaweka maneno yao, ile khanga ndo ikawa kichekesho chenyewe, ikaishia kuwa stika ya WhatsApp, timu ya mtu ikifungwa anatumiwa yule mama. Hata mi nimetumiwa kwenye grupu letu la kijiwe na mtu asiyejua kwamba picha ni yangu.

Wiki ya pili binti yake kanipigia. Anasema wale kausha damu waliona gazeti wakaja nyumbani alfajiri wakabeba TV na godoro, na mzee wake akajulia hapohapo habari ya mkopo, mama sasa hivi kahamia kwa dada yake. Akaniambia ulimpiga mama yangu na sidiria ukamuuza. Anataka niifute kila mahali na anaamini nimelipwa mamilioni. Nimelipwa elfu thelathini Shangazi.

Sasa kibaya zaidi ile picha nilishaipeleka kwenye shindano, imeingia tano bora, zawadi ni milioni mbili na matokeo ni mwisho wa mwezi ujao. Mhariri ananiambia usitetereke, pale ni sehemu ya umma, mama aliruhusu, na bila ile picha mkuu wa wilaya asingekuja na wafanyabiashara wasingepewa eneo la muda. Mi silali. Nawaza pia kwanini sikuweka kamera chini nikamsaidia kubeba hata belo moja. Nijitoe shindanoni? Niifute? Nimpe hela? Au mhariri yuko sahihi?

Kijana wa Kamera

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu na ya tatu nimeisoma na kalamu mkononi, kama nilivyokuwa nasoma kapsheni, yale maneno ya chini ya picha, zamani, maana kabla sijawa Shangazi wa safu hii nilikaa miaka 22 dawati la picha, tangu enzi za filamu na chumba cha giza unarudi nyumbani vidole vinanuka dawa. Na kuna sehemu umeipitisha haraka mno. "Akasema hata baba watoto hajui." Halafu mstari unaofuata unaniambia uliandika mkopo na jina lake. Umehangaika na sidiria, na khanga, na mabelo ambayo hukubeba, lakini mlango ambao kausha damu walipitia kuingia nyumba ile ni hayo maneno ya chini ya picha, na hayo hakuyaandika mhariri.

Mi nafikiri ndio kinachokunyima usingizi na nafikiri unajua.

Mama alikwambia piga wote waone. Waone nini? Moto, na meza yake, na kwamba mtu mzima kaachwa anapambana na moto kwa khanga wakati mpira wa faya umelala mkavu. Hilo aliliruhusu na alikuwa na haki ya kuliruhusu, sitaki mtu aje aseme mwanamke yule alikuwa hajui anachosema. Lakini habari ya mkopo hakulisimulia gazeti. Alikusimulia wewe, kijana aliyekaa nae chini kwenye majivu dakika tano, umri wa mwanae. Ulikaa nae kama mtoto ukaondoka ukaandika kama mwandishi, na katikati hapo hukurudi kumwambia mama, hili la mkopo naomba kuliandika, unasemaje. Angekwambia hapana, si ndio? Na kapsheni ingesimama vilevile bila neno mkopo, "mfanyabiashara akiwa mbele ya meza yake iliyoteketea", hakuna msomaji ambaye angeona kapungukiwa na kitu.

Nikupe mfano wa mbali kidogo lakini kila nikiufikiria naona kama wa jirani. Machi 1936 huko Nipomo, California, mpiga picha Dorothea Lange alikuwa akifanya kazi kwa shirika la serikali la kuwasaidia wakulima, akakuta kambi ya vibarua wa kuchuma njegere, zao limeharibika na watu hawana chakula. Akampiga picha mama wa miaka 32 na watoto wake, mama kashika shavu anaangalia mbali, wawili wamemgeuzia kamera kisogo. Kakaa pale dakika chache tu kama wewe. Picha ikatoka gazetini na serikali ikapeleka pale kambini chakula chenye uzito wa pauni 20,000, yaani picha ilifanya kazi, mhariri wako hapo angepiga makofi. Ila yule mama na wanae walikuwa wameshaondoka chakula kilipofika. Lange aliandika kwamba familia imeuza matairi ya gari ili wale, na watoto wa yule mama baadae wakasema matairi hayajawahi kuuzwa, gari lenyewe ndilo waliloondoka nalo. Jina la mama hakuuliza. Picha ikazunguka dunia nzima miaka zaidi ya 40 bila mtu kujua ni nani, mpaka 1978 mwandishi mmoja akamkuta akiwa mtu mzima wa miaka sabini na kitu, anaitwa Florence Owens Thompson, nae akasema anatamani asingepigwa ile picha, hakupata hata senti, na kwamba aliahidiwa nakala hakuletewa. Hilo la nakala huwa linaniumiza kuliko mengine. Miaka yote ile, nakala moja tu.

Alipougua 1983 wanae wakaomba msaada hadharani, watu wakachanga zaidi ya dola 30,000, na wengi waliotuma hela waliandika barua kwamba picha ile iliwagusa. Kwahiyo sikwambii picha ile isingepigwa. Nakwambia mtu wa kwenye picha aliachwa njiani na kila mtu, mpiga picha, serikali, wahariri, wakati uso wake unaendelea kufanya kazi.

Wewe bado hujachelewa. Wiki mbili si miaka 42.

Mhariri wako anasema ni sehemu ya umma. Ni kweli soko ni sehemu ya umma na ndio maana hukuhitaji kibali kuingia na kamera. Lakini Katiba yetu ya Tanzania ibara ya 16 inamlinda kila mtu heshima yake na faragha ya nafsi na ya familia yake, na haisemi kwamba ukitoka nyumbani kwako unaiacha mlangoni. Wakenya walishabishana na hili mpaka dunia ikasikia. Januari 2019 hoteli ya DusitD2 pale Nairobi iliposhambuliwa, watu 21 wakauawa, gazeti la New York Times likaweka mtandaoni picha ya watu waliopigwa risasi wakiwa wamelala juu ya meza za mgahawa, kompyuta zao bado ziko wazi. Ndugu walikuwa bado wanatafuta watu wao hospitalini. Wakenya wakaja juu, Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likaandika rasmi kutaka ile picha itolewe, na swali lililoulizwa mtandaoni lilikuwa moja tu, hao wangekuwa Wamarekani kwenye shule zao mngewaweka hivi? Gazeti halikuitoa, likajitetea kwamba linaonyesha ukatili wa tukio ulivyo. Mi nilikuwa upande wa Wakenya na bado niko. Kisheria gazeti lile halikufungwa na mtu yeyote, lakini fikiria ndugu wa marehemu ajue msiba wake kwa njia ile.

Swali hilo kalichukue ulitumie kwenye kazi. Kabla hujatuma picha muweke mama yako mzazi pale chini na gagulo lake. Kama ungemtafutia mtandio kwanza ndio upige, basi yule mama nae alistahili mtandio.

Na usiniambie picha ingepoa. Ile picha iliyoshinda tuzo ya World Press Photo mwaka 2024 ni ya Mohammed Salem wa shirika la habari la Reuters, kaipiga Khan Younis kule Gaza Oktoba 2023, mwanamke kamkumbatia mtoto wa ndugu yake aliyeuawa, mtoto yuko ndani ya sanda na mwanamke kainamisha kichwa kwenye mkono. Sura ya mtoto huioni, ya mwanamke huioni, na bado huwezi kuiangalia ukabaki ulivyo. Wewe ulikuwa na khanga iliyoungua na mikono ya mwenye khanga. Ungesogea hatua mbili ukapiga mikono na maandishi tu, habari yote ingekuwa imo humo na hakuna kijana ambaye angepata uso wa kutengenezea stika.

Halafu ile picha ya mpira wa faya hauna maji iko wapi? Umesema ulituma nane. Iliingia kati ya hizo? Kama iliingia na mhariri akaiacha akachukua mama mwenye sidiria, basi hapo una neno la kumwambia mhariri, maana mama anaonewa huruma siku mbili watu wanasahau, lakini mpira mkavu kuna mtu mwenye cheo na mshahara anatakiwa kuueleza. Sisemi nyuso hazina kazi. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, Oktoba 1984 alirekodi wenye njaa kule Korem, Ethiopia, nyuso moja moja asubuhi ya baridi, BBC wakaionyesha na misaada ikaanza kumiminika, Julai 1985 likafanyika lile tamasha kubwa la Live Aid. Nyuso zile zilisaidia sana. Ila wale watu walionekana wengi kwa pamoja, hakutoka mmoja akabebeshwa aibu peke yake.

Hili la kutobeba belo linajibiwa humohumo. Amin hakugawa chakula kule Korem na hakuna anayemlaumu. Kama ulimruka mtu anayeungua ili upate picha, hiyo ni dhambi na ningekwambia waziwazi. Lakini walikuwepo watu wa kubeba mabelo na hakukuwa na mwingine wa kubeba kamera, kwa hiyo belo lile lisikutafune. Unamfahamu Kevin Carter wa Afrika Kusini, aliyempiga picha yule mtoto wa Ayod, kusini mwa Sudan, Machi 1993, kainama chini na tumbusi kasimama nyuma yake. Gazeti lilipoichapa watu walipiga simu kuuliza mtoto amefikia wapi, na mpiga picha hakuwa na jibu la kueleweka, maana alimfukuza ndege akaondoka. 1994 akapewa tuzo kubwa ya uandishi ya Pulitzer, Julai mwaka huohuo akajiua, na alikuwa na mizigo mingi, madeni, rafiki yake aliyepigwa risasi kazini, si picha ile peke yake. Nakutajia sio kukutisha. Umeandika hulali, na vijana wa fani hii mnajifanya wagumu. Zungumza na mtu uso kwa uso wiki hii, kiongozi wako wa dini, mshauri wa hospitali, kaka yako, na ukiona mawazo yanakupeleka pabaya usisubiri barua yangu nyingine. Tofauti yako na Carter ni kwamba wewe mtu wako unajua aliko na namba ya binti yake unayo.

Basi mpigie huyo binti. Usiende nyumbani kwa mume wala usijaribu kuyasuluhisha ya ndoa, hayo si yako. Muulize binti mama anapenda kukutana wapi, na nenda na mtu mzima mwanamke, mama yako au shangazi yako wa damu, kamera iache nyumbani kabisa. Usiseme samahani kama nimekukwaza. Sema, mama, nilikosea, ulinieleza habari ya mkopo na ukaniambia baba hajui, nami nikaiandika. Halafu nyamaza. Atasema atakayosema, anaweza kukutukana, kaa.

Kabla hujaenda mwandikie mhariri, kwa maandishi sio kwa simu, umtake atoe neno mkopo na jina kwenye ukurasa wao wa mtandaoni leo hii na picha waishushe mpaka mama aseme. Akigoma, mwambie mama na binti kwamba kuna Baraza la Habari Tanzania linapokea malalamiko dhidi ya vyombo vya habari na kusuluhisha bila kufika mahakamani. Ndio, nakwambia wewe ndio umwambie, hata kama jina lako litatajwa humo. Gazeti linaweza kukukasirikia na elfu thelathini zao zikakata, najua hilo si jambo dogo kwa mtu anayelipa kodi kwa harusi.

Shindano andika ujitoe. Nimejaribu kutafuta njia ya kukuachia ile milioni mbili nimekosa. Ukishinda ile picha itachapwa upya, kubwa zaidi, na binti ataiona tena. Kama mama mwenyewe baada ya kukaa na kutulia akisema iache ishindane, hiyo ni ruhusa nyingine na utawaandikia waandaaji, lakini usiende kuiomba. Ukienda kuomba msamaha na ombi mfukoni ataliona tu.

Stika hutaweza kuzirudisha. Mwambie ukweli huo usimuahidi kitu. Kwenye grupu lako la kijiwe lakini sema picha ni yangu, yule ni mama wa mtu kaunguliwa, futeni. Wanne wakifuta ni wanne.

Hela, mpe kama pole. Anayeunguliwa anapewa pole na hilo liko kabla ya magazeti. Usitaje neno picha unapotoa, na binti akisema ongeza usilipe ili anyamaze, maana siku mpiga picha akianza kununua machozi kila tukio litakuwa na bei na watu watalia wakiona kamera.

Na picha usiifute kwenye memori kadi, wala zile nyingine 139. Weka nakala mbili sehemu tofauti. Soko likiungua huwa inakuja siku ya kuandika majina ya waliokuwa na meza, na mama asiye na karatasi wala mume wa kumtetea anaweza kuambiwa hakuwepo. Wewe una picha zenye saa na tarehe zinazoonyesha meza ipi ilikuwa ya nani. Zichape, zake mpelekee yeye, zilizobaki wapelekee uongozi wa soko. Mabelo ambayo hukubeba usiku ule unaweza kuyabeba kwa namna hiyo.

Ile ya mpira mkavu nitumie na mimi, nataka kuiona.

Siku ya kwenda mchukulie doti ya khanga, yake iliungua. Na ukiwa dukani usibebe ya kwanza utakayopewa, ikunjue usome maandishi yake kabla hujalipa.

Shangazi